Ukiweka Kikumbusho cha Kulipa, Kiwekee na Tarehe ya Kuisha

Fungua kalenda ya simu yako. Isogeze mbele mpaka Januari 2040 kisha uangalie kuna nini pale. Ukikuta "kodi ya nyumba" ya ploti uliyohama, au "mchango wa harusi" ya watu ambao siku hizi wanapeleka watoto shule, basi haya tunayoandika leo yanakuhusu.

Kuna mteja alitupigia akiwa na hasira. Alikuwa amehama nyumba mwisho wa mwezi wa nne. Tarehe 5 mwezi wa tano, saa mbili asubuhi, simu yake ikalia vile imekuwa ikilia kwa miaka mitatu: "Tuma kodi 6,500." Alikuwa ndani ya matatu, amesimama, mkono mmoja kwa chuma na mwingine kwa simu. Jina la mwenye nyumba wa zamani lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya watu anaowatumia pesa mara kwa mara. Akabonyeza, akaweka namba ya siri, pesa ikaenda. Alikuja kushtuka jioni, mwenye nyumba mpya alipobisha mlango kuulizia kodi yake.

Hapo hapakuwa na tapeli. Hakuna mtu aliyempigia akijifanya wa huduma kwa wateja, hakuna ujumbe wa uongo ulioingia. Aliyemwambia atume ni yeye mwenyewe wa miaka mitatu iliyopita. Na kuirudisha ikawa kazi, kwa sababu pesa ilienda kwa mtu halisi, kiasi kile kile, kwa namba aliyozoea kuitumia. Mwenye nyumba wa zamani alirudisha nusu. Nusu nyingine akasema ni ya kupaka rangi.

Sisi hapa tumeandika mara nyingi kuhusu wezi wa simu, na tutaendelea kuandika. Lakini tunaona pesa nyingine zikipotea kwa njia ya kimya zaidi: jambo liliisha, kikumbusho hakikuisha. Ndiyo maana tunasema hivi, bila kuzunguka: kila tukio linalojirudia kwenye kalenda yako, likiwa linagusa pesa, lipewe mwisho siku ile ile unapoliandika. Na kalenda, pamoja na programu za malipo kama yetu, zingekuwa zinauliza mwisho kabla ya kukubali kuhifadhi.

Hebu tuone kwanza vile hizi kalenda zinafanya kazi, maana wengi wetu tunazitumia bila kujua zinahesabu nini.

Ukiandika "kila mwezi" kwenye simu, kalenda haikuandikii matukio 12, wala 100. Inaandika tukio moja la mwanzo na kanuni moja ya kulirudia. Kalenda nyingi duniani hubadilishana kanuni hizo kwa mfumo unaoitwa iCalendar, uliotoka mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009. Ndani ya mfumo huo kuna njia mbili tu za kusimamisha kanuni: utaje tarehe ya mwisho, au utaje idadi ya mara. Huruhusiwi kutumia zote mbili kwa kanuni moja. Na ukikosa kutaja hata moja, maana yake ni kwamba tukio linaendelea milele. Kalenda haisemi "labda amesahau, nitamuuliza mwakani." Inachukua kimya chako kuwa ndiyo.

Sasa angalia simu inakuulizaje. Kwenye Google Calendar, ukichagua "kila mwezi" kutoka kwa ile orodha fupi, huulizwi mwisho kabisa. Lazima uingie kwa ile sehemu ya kujipangia mwenyewe, ndipo uone machaguo matatu: isiishe, iishe tarehe fulani, au iishe baada ya mara kadhaa. Kwenye iPhone, mstari wa kumaliza unajitokeza ukishachagua marudio, lakini tayari umeandikwa kwamba hakuna mwisho. Kote kuwili, usipogusa kitu, umepata milele. Mtu anaweka kikumbusho cha kulipa mkopo wa simu ya miezi 12 na simu inampangia mpaka wajukuu.

Sawa, tuseme umeelewa na umeamua kuweka mwisho. Hapo ndipo penye mtego mwingine, na huu umewakamata hata watu wa hesabu.

Umechukua kitu cha kulipa polepole, shilingi 1,500 kwa mwezi, miezi 12. Malipo ya kwanza ni tarehe 5 Januari 2026. Unajiambia, mwaka mmoja, kwa hivyo mwisho ni tarehe 5 Januari 2027. Inaonekana sawa, sivyo? Hesabu kwa vidole. Januari ni moja, Februari mbili, ukifika Desemba ni 12. Ile Januari ya pili ni ya 13. Kalenda huhesabu siku ya mwisho kuwa ndani, haiiachi nje. Kama ni kikumbusho tu, utapata mlio mmoja wa ziada. Kama ni malipo uliyoyapanga yajitume yenyewe, shilingi 1,500 zimeondoka bila deni. Mwisho sahihi hapo ni tarehe 5 Desemba 2026.

Ndiyo kwa sababu hiyo, kwa deni lenye idadi inayojulikana, sisi tunapendelea uweke idadi kuliko tarehe. Andika "mara 12" na uachie mashine ihesabu. Kumbuka tu kwamba siku ya mwanzo nayo inahesabiwa, yaani ile ya kwanza ndiyo namba moja. Usiandike 11 ukidhani ya kwanza ni ya bure.

Tarehe ya mwisho inafaa zaidi pale ambapo kinachojulikana ni siku, si idadi. Mkataba wa nyumba unaoisha tarehe 30 Juni. Nauli ya mtoto inayosimama shule zikifungwa. Bima ya pikipiki. Hapo hujali ni mara ngapi, unajali ni lini.

Kuna na mambo mawili madogo yanayosumbua, tuyapitie haraka. La kwanza ni tarehe 31. Ukiweka "kila mwezi tarehe 31," mfumo ule wa iCalendar unaruka miezi isiyo na siku hiyo. Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba hutapata mlio wowote, na utajua tu ukiona mwenye nyumba kwa mlango. Kuna kalenda nyingine, Outlook kwa mfano, ambayo badala ya kuruka hukupeleka kwa siku ya mwisho ya mwezi huo. Huwezi kujua mwenzako wa chama anatumia ipi. Chagua tarehe 28 kurudi chini na ulale salama. La pili ni "kila wiki nne." Watu wanaitumia kama ni sawa na kila mwezi. Mwaka una wiki 52, ukigawanya kwa nne unapata 13. Mtu wa mshahara wa mwezi anayelipa kila wiki nne analipa mara moja zaidi ya vile alivyopokea, na anashangaa kwa nini kuna mwezi mmoja unambana kuliko mingine.

Lakini kitu tulichotaka kukizungumzia hasa ni chama.

Kuna chama kimoja cha kina mama, wanachama 12, wanakutana kila Jumamosi. Kila mmoja anatoa shilingi 500, na mmoja wao anaondoka na 6,000. Walipiga kura kwa karatasi kupata namba. Mzunguko ulianza tarehe 6 Septemba 2025. Katibu, dada kijana anayejua simu, akaweka tukio kwenye kalenda, kila Jumamosi, mara 12, akawatumia wote mwaliko. Alifanya vizuri kabisa, vile tumekuwa tukishauri hapa. Mwisho ulikuwa tarehe 22 Novemba.

Kisha ikafika wikendi ndefu ya Mashujaa, watu wakaenda nyumbani. Wakakubaliana Jumamosi ya tarehe 18 Oktoba isiwepo. Katibu akaingia kwa kalenda, akafuta ile siku moja tu. Hakuna aliyelalamika. Wiki iliyofuata wakaendelea na namba iliyokuwa ikifuata.

Tarehe 22 Novemba wakakutana, mwenye zamu akapewa. Wiki iliyofuata simu za watu 11 hazikulia, kwa sababu kalenda ilikuwa imemaliza. Simu ya wa 12 pia haikulia, ila yeye hakuhitaji simu. Yeye ndiye aliyevuta karatasi ya mwisho. Alikuwa amengoja tangu Septemba, na pesa hiyo alikuwa ameipangia kununua unga na mafuta ya kupika ya kuuza Desemba. Saa nne asubuhi akapiga: "Mwenyekiti, mimi bado." Mwenyekiti akajibu kwamba mzunguko umeisha, si hata simu imeonyesha.

Angalia kilichotokea. Ukifuta siku moja katikati ya mfululizo, kalenda haiongezi siku nyingine mwishoni kufidia. Idadi ya 12 inahesabu hata ile uliyoifuta. Kwa hivyo mlikuwa na 12 kwa karatasi na 11 kwa ukweli. Ingekuwa mkutano wa kawaida, hakuna hasara. Kwa chama cha kuzungusha pesa, aliyekosa ni mtu, na kila mara ni yule wa mwisho, ambaye amewapa wenzake wote kabla yeye hajapata.

Waliponusurika ni kwa daftari. Mweka hazina alikuwa bado anaandika kwa kalamu majina ya waliopokea, moja kwa moja, na alipofungua akahesabu 11. Pesa ikachangwa jioni hiyo hiyo, tarehe 29. Tuliposikia kisa hiki tuliona aibu kidogo, kwa sababu sisi ndio huwa tunasema "weka mwisho" kisha tunanyamaza. Mwisho peke yake hautoshi kama katikati kunafutwa. Ukiwa katibu na mmeahirisha siku moja, papo hapo, kabla hujafunga simu, ongeza tukio la kusimama peke yake wiki moja baada ya ule mwisho wa zamani. Usiseme utafanya baadaye. Na daftari libaki.

Jambo lingine ambalo kisa hicho kinafunua: kalenda haijui kama ulilipa. Inajua kwamba siku imefika. Wiki ile ulikosa salio, wiki ile mtandao ulikuwa chini, wiki ile mtu aliomba asamehewe, kwake zote ni "imepita." Ukiona kalenda inasema umebakisha mara mbili, angalia ujumbe wa malipo au taarifa yako ya matumizi kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba deni linaisha.

Je, na ukitaka kusimamisha kitu njiani? Hapa tunaomba uwe mwangalifu na kile kidude cha kufuta. Kwenye Google Calendar, ukifuta tukio linalojirudia, utaulizwa kama unafuta hili tu, hili na yanayofuata, au yote. Watu wenye haraka hubonyeza "yote," wakidhani wanasafisha mbele. Inasafisha na nyuma. Miaka miwili ya "nimelipa ada ya maji" inapotea pamoja na maandishi uliyokuwa umeweka pale, namba za risiti na kadhalika. Ukichagua "hili na yanayofuata," ya nyuma yanabaki, na kinachotokea ndani ni kwamba ule mfululizo wa zamani umepewa tarehe ya mwisho. Yaani kalenda yenyewe inajua kwamba njia ya heshima ya kumaliza jambo ni kulipa mwisho, si kulifuta kana kwamba halikuwepo. Mwenye nyumba akikudai mwezi wa mwaka jana, utafurahi uliyaacha.

Vivyo hivyo kodi ikipanda. Usibadilishe 6,500 kuwa 7,000 kwa "yote," kwa sababu utakuwa umeandika kwamba hata mwaka jana ulikuwa ukilipa 7,000. Badilisha kuanzia mwezi huu kwenda mbele.

Najua mtu atasema, na amesema, kwamba kuna mambo hayana mwisho. Siku ya kuzaliwa ya mama haina mwisho wa kuandikwa, na hakuna mtu mwenye akili atakayekaa achague tarehe. Kweli. Kuwasilisha ripoti ya kodi ya mapato kwa KRA ni kila mwaka, mwisho tarehe 30 Juni, na kikumbusho hicho kiache kilie.

Lakini tunawakumbusha kuhusu NHIF. Kwa miaka mingi waliojiajiri walikuwa wakilipa shilingi 500 kila mwezi, na wengi wakaweka kikumbusho bila mwisho kwa sababu, nani angefikiria? Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi mahali pa NHIF. Hesabu ikawa asilimia 2.75 ya mapato, na kwa asiye na mshahara malipo yakawa ya mwaka. Kiasi kikabadilika, mpangilio ukabadilika, hata jina. Kikumbusho cha "NHIF 500" kikaendelea kulia tu. Kitu kilichoonekana cha kudumu kuliko vyote kiliisha kwa siku moja, na kalenda haikusoma gazeti.

Kwa hiyo hata kwa yale yasiyo na mwisho, sisi tungeweka mwaka mmoja. Si kwamba jambo litaisha, ni kwamba ukifika mwaka utalazimika kuliangalia tena na kuamua. Dakika mbili. Kama bado lipo, unaongeza mwaka mwingine. Usumbufu ni mdogo, tunakubali kwamba upo, na kwa siku za kuzaliwa usijisumbue.

Wengine watauliza kwa nini sisi, kampuni inayopata ada kila unapotuma pesa, tunakufundisha namna ya kuacha kutuma. Swali ni la haki. Mwenye duka hamwambii mteja apunguze sukari. Jibu letu ni kwamba yule mteja wa kodi ya 6,500 alikaa na sisi kwa simu muda mrefu, akapiga tena siku ya pili, na alipomaliza hakuwa na imani nasi hata kama kosa halikuwa letu. Ada ya kutuma mara moja haifikii hapo.

Na sisi pia tulikosea. Tulipoanzisha malipo ya kupanga kwenye programu yetu, sehemu ya mwisho tuliiweka chini kabisa, baada ya kitufe cha kuthibitisha, na ukiiacha wazi mpango uliendelea bila kikomo. Hatukuwa na nia mbaya, tuliiga tu vile kalenda zinafanya. Wateja wakawa wanatuuliza kwa nini wanatuma kwa chama kilichovunjika. Sasa mwisho unaulizwa kabla ya namba ya siri, na kwa kila malipo utaona ni ya ngapi kati ya ngapi, kama 7 kati ya 12. Bado hatujamaliza: mpango ukikwama kwa sababu salio halikutosha, tunahesabu mara hiyo kuwa imepita, kama kalenda. Tunajadiliana hapa ofisini kama hiyo ni sawa. Baadhi yetu wanaona mpango ungesogea mbele wenyewe mpaka deni liishe. Wengine wanaogopa kumtolea mtu pesa mwezi ambao hakuutarajia. Tuandikie useme ungependa lipi.

Kwa leo, rudi kwa ile kalenda ya Januari 2040. Kila utakachokikuta pale chenye kiasi cha pesa, kifungue, uchague kuanzia leo kwenda mbele, ukipe mwisho. Halafu ingia kwa programu ya malipo, kwenye orodha ya watu unaowatumia mara kwa mara, na umtoe yule mwenye nyumba wa zamani kabla ya tarehe 5.